Mafuta Yake Mwenyewe

Fatuma alirudi kutoka Maskati mwezi uliopita, safari hii amerudi moja kwa moja, si kwa likizo, na kitu cha kwanza alichonipa, kabla ya halua na kabla ya udi, kilikuwa kipande cha sabuni. Sabuni nzuri, ya kijani, imefungwa kwa karatasi inayong'aa. "Hii yako, Aisha," akasema huku akicheka. "Wewe na sabuni hamwachani." Nami nikacheka, maana mtu akikupa zawadi ya safari hununi. Lakini nilipofika chumbani nikaiweka chini ya mto, kisha nikaitoa, nikaiweka kabatini nyuma ya mashuka, na hata nikiwa jikoni naona kama naisikia inanukia. Nina miaka zaidi ya hamsini, nina wajukuu, na kipande cha sabuni kinanikosesha raha ndani ya nyumba! Fatuma ni binti wa marehemu Khalati Zuhura, dada mkubwa wa mamangu. Mwaka mmoja wa ujana wangu niliumalizia katika nyumba hii hii ya Bofu, nikimuuguza mamake wakati yeye yuko Arabuni anafanya kazi za nyumba za watu. Kuna jambo la mwaka ule nilitaka kumwambia kabla Mungu hajamchukua mmoja wetu, na kila akija likizo nilikuwa nalimeza.

Tulimfanyia karamu ndogo ya kumpokea. Wali wa nazi, mchuzi wa changu, kachumbari, na ile halua yake ikakatwa kwa kisu kilichopakwa mafuta isigande. Wanawake wa mtaa wakajaa ukumbini, na kama kawaida wakanianza. "Fatuma, huyu ndugu yako umshukuru mpaka kaburini. Mamako alikaa kitandani mwaka mzima, na chumba hakikunuka hata siku moja, wallahi." Mwingine akadakia, "Alikuwa anang'aa! Ukiingia unakuta shuka jeupe, na mgonjwa ametakata kama sahani." Fatuma alikuwa akitafuna, ameinamisha kichwa. Mimi nikainuka nikasema naenda kutazama chai. Chai yenyewe ilikuwa bado haijatiwa hata majani. Nilisimama uani, nimeshika kifuniko cha sufuria, nikangoja wabadilishe mazungumzo. Sifa ile nimeisikia kwa miaka na miaka, harusini, matangani, hata sokoni, na kila nikisifiwa nasikia kama mtu ananifinya mahali pale pale.

Nilikuja Bofu nikiwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, sina kazi, nina ulimi. Kiharusi kilikuwa kimempiga Khalati upande wa kulia. Kichwa chake kilikuwa kizima na maneno yake yalikuwa mazima, isipokuwa yalitoka polepole zaidi. Chumba chake nakijua hata nikifumba macho. Kitanda cha kamba kando ya dirisha, kabati lenye kioo kilichofifia, msala uliotundikwa msumarini. Na ukutani, juu kidogo ya kitanda, doa. Khalati alikuwa mshonaji wa kofia. Miaka mingi alikaa palepale ameegemeza kichwa ukutani, sindano mkononi, na mafuta ya kichwa chake yakaingia kwenye chokaa mpaka pakawa na duara la rangi ya chai ya rangi, linang'aa. Msala nao ulikuwa na doa dogo mahali paji la uso linapogusa, na foronya kila siku mbili zilishika umanjano katikati. Mimi nikaona uchafu. Sikuona kingine. Wiki ya kwanza nilinunua chokaa nikapaka ukuta mzima, nikajisifu. Baada ya muda lile doa likatokeza tena, kwanza kama kivuli, kisha kama lilivyokuwa. Khalati akalitazama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mafuta hayo, mwanangu. Yamenizowea."

Kuna siku lazima niieleze, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mwezi wa pili wa kukaa kwangu, Khalati alionja mchuzi wangu akasema, kwa upole kabisa, "Leo chumvi imekuzidi, Aisha." Basi! Na huku nimeamka alfajiri, nimefua, nimekuna nazi, nimemgeuza na kumbeba peke yangu. Nilisusa. Nilifunga nguo zangu kwenye leso, nikamwambia jirani amtazame, nikavuka feri, nikaenda zangu kwetu Utange. Mamangu aliponiona mlangoni hakuniuliza neno. Alinilisha, akanilaza, na asubuhi akanipa nauli. Niliporudi nilimkuta Khalati amelowa, shuka limelowa, jirani alikuwa amepita jioni tu kumpa chai. Nilidhani atanigombeza. Akanyosha ule mkono mzima akanishika kidole. "Umerudi, mwanangu? Alhamdulillahi. Mchuzi ulikuwa mtamu." Tangu siku hiyo hakunikosoa tena, si kwa chumvi wala kwa jambo jingine lolote. Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikadhani nimeshajua kupika.

Sasa nifike kwenye sabuni. Madrasa tulifundishwa kwamba kitu chochote kinachozuia maji kufika kwenye ngozi, kama nta au rangi, huharibu udhu. Hilo ni kweli. Lakini mimi nililibeba kwa pupa. Siku moja namtawadhisha Khalati, nikamwagia maji mkononi, nikaona yanajikusanya matone matone na kuteleza, kama yanavyofanya juu ya jani la yugwa. Nikashtuka. Lo, kumbe mama wa watu miezi yote hii anaswali na maji hayajamwingia! Nikaenda nikaleta sabuni ya mche, ile ya kufulia, na dodoki. Nikamsugua mikono mpaka viwiko, miguu mpaka juu ya vifundo, uso, shingo. Nikamwagia tena, maji yakaenea sawasawa. Nikaona raha, nikaona nimemwokoa. Toka hapo kabla ya kila swala ilikuwa sabuni kwanza, udhu baadaye, na asubuhi na jioni mwili mzima, na ndimu nikaongeza ili kukata harufu. Maana harufu nayo ilinitisha. Ukiuguza mtu Bofu, kila anayekuja kumtazama mgonjwa huingia na pua yake mbele, na akitoka hapo mtaa mzima utajua kama unamtunza ama humtunzi. Nilitaka waseme ninamtunza. Siwezi kudanganya, nilikuwa nasugua kwa ajili ya swala yake, na nilikuwa nasugua kwa ajili ya jina langu, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

"Polepole, mwanangu," alikuwa akisema siku za mwanzo. "Mimi si sufuria." Tukacheka wote wawili. Baadaye akaacha kusema. Upepo wa kusi ulipoingia, ule mkavu wa asubuhi, ngozi yake ikaanza kupauka. Miundi ilikuwa na mistari kama tope la bondeni likikauka, kisha ile mistari ikafunguka. Alijikuna kwa mkono mmoja mpaka shuka likawa na alama za damu, nami nikalifua likawa jeupe. "Aisha," aliniita siku moja baada ya adhuhuri. "Abee, khalati." "Hebu nipake mafuta ya nazi kidogo. Ngozi inanivuta." Chupa ilikuwepo kabatini, mafuta aliyoyapika mwenyewe kabla ya kuugua, tui limechemshwa mpaka likatoa uto. Nikamwambia, "Khalati, na laasiri utaswalije? Maji hayatakuingia." Akauliza kama hawezi kutayamamu kwa mchanga, mgonjwa si amepewa wepesi? Nikamjibu kwamba maji yapo na mikono yangu ipo, wepesi wa nini? Hivyo hivyo nilivyomjibu, na mkono nimeweka kiunoni. Akasema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiwe uliyesoma." Nilikuja kuuliza baada ya miaka, nikaambiwa mafuta ya mwili si kizuizi hata kidogo, hayana umbo la kuzuia maji, na mgonjwa kama yule angetayamamu bila shaka yoyote. Jibu lilikuwa jepesi namna hiyo. Kulikuwa na msikiti hatua chache kutoka nyumbani, nami sikuwahi kutuma mtu kuuliza.

Fatuma alikuja likizo Idi ile. Alileta vitambaa, maziwa ya unga na mafuta ya nywele, na kila siku alilala na mamake kitanda kimoja kama mtoto. Siku ya pili ya Idi nilikuwa uani chini ya dirisha lao nachambua mchele wa biriani. Nikasikia Khalati anazungumza kwa sauti ya chini, nikasikia jina langu. Wakacheka. Kisha Fatuma akasema neno sikulipata, na Khalati akasema waziwazi, "La, usimwambie." Fatuma akajibu, "Haya, mama. Simwambii." Nilijua kuna jambo langu linapikwa. Kesho yake Fatuma akanipa jozi ya leso mpya na vitambaa vya kanzu mbili, nami nikasema moyoni, kumbe ndilo hili! Nilifurahi wiki nzima. Nilizishona kanzu zile nikazivaa mpaka zikachakaa. Fatuma akaondoka, na kabla ya kupanda gari alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida, akaniambia, "Umtazame mama." Nikaona ananitilia shaka, nikachukia kidogo.

Miezi iliyofuata siipendi. Penye nyonga, upande aliokuwa akiulalia, ngozi ilifunguka ikawa kidonda kama sarafu, kisha kikapanuka. Nami nilifanya nini? Nilikisugua. Nilikiosha kwa sabuni na maji ya moto, kwa bidii ile ile, kwa sababu kidonda ni uchafu na uchafu huoshwa. Mguu ukavimba, homa ikaja, tukampeleka hospitali, akalala siku chache tu. Daktari alisema vijidudu vimeingia damuni kupitia ngozi. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza habari za mvua, hakunilaumu. Huenda angekufa hata hivyo, watu waliopooza hufa kwa vidonda vya kulala hata wakitunzwa na waliosomea. Siku yake ilikuwa imeandikwa, hilo naliamini. Lakini mlango nani aliufungua? Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha maiti. Mwosha maiti alipommwagia maji ya mkunazi, yalienea juu ya mkono wake bila kujikusanya hata tone moja, yakaingia kama kwenye udongo. Yule mama akanitazama akasema, "Mashallah, mlimweka msafi." Sikulia matangani. Watu wakasema Aisha ana subira.

Niliujua ukweli nilipomzaa kifungua mimba wangu. Mtoto alitoka amefunikwa na utando mweupe kama siagi, mgongoni, makwapani, kwenye mikunjo ya mapaja. Nikachukua kitambaa nimsugue. Nesi akanishika kifundo cha mkono. "Muache. Hayo ni mafuta yake mwenyewe." Nikacheka nikamwambia nataka mwanangu awe safi. Akaniambia, bila haraka, huku akimfunika mtoto, kwamba safi ni hivyo alivyo. Akanieleza kuwa ngozi hujipaka mafuta yenyewe maisha yote. Kwenye shina la kila unywele kuna tezi ndogo inayotoa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasikauke, ndiyo yanayoifanya ngozi ilegee isipasuke, na ndiyo yanayosaidia kuvizuia vijidudu visipate pa kuingilia. Mtoto huzaliwa amefunikwa nayo. Mtu akizeeka tezi huchoka, yanatoka kidogo kidogo. "Kwa hivyo wazee," akasema, "ukiwaosha sana kwa sabuni kali unawavua." Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Kisha nikaanza kulia, nikalia mpaka akamwita mwenzake, wakadhani ni maumivu ya baada ya uzazi. Nililala pale namnusa mwanangu utosini, mafuta yake mwenyewe, na mbele ya macho naona mkono wa Khalati, maji yakijikusanya matone matone. Ngozi ya mwanamke wa karibu miaka sabini ilikuwa bado inajikamua kutoa kidogo ilichobakiwa nacho, imkinge, na mimi nilikuwa naikomba kila siku kwa dodoki kabla haijamaliza.

Tangu hapo wanangu niliwaogesha kwa maji matupu na nazi, na mume wangu akanitania kwamba nyumba yetu ni kiwanda cha mafuta. Wazee wa mtaa nimewapaka wengi, miguu, migongo, visigino. Watu huona ni ukarimu. Ningewaeleza nini?

Sasa Fatuma amekaa katika chumba cha mamake. Ukuta umepakwa rangi mara nyingi, doa halipo tena. Siku ya kwanza nilimwona akipapasa pale kwa kiganja, akitafuta. Miguu yake imevimba kwa kusimama miaka yote ile kwenye majiko ya watu, na mikono yake imepauka na kuchanika kwa dawa za kusafishia mabafu ya matajiri. Jana baada ya laasiri aliniita. "Aisha, njoo unitie mafuta mgongoni, mkono haufiki." Nikaja na chupa. Akavua kanzu akajifunga leso kifuani, akanipa mgongo. Mgongo wa mamake! Mabega yale yale, na lile baka jeusi chini ya shingo. Nikamimina mafuta kiganjani nikayapasha moto kwa kusugua viganja, nikaanza. Ngozi iliyanywa. Nikasema, kabla moyo haujanigeuka, "Fatuma, mamako, mwaka ule, mimi nilimwosha..."

"Najua," akasema.

"Hujui. Nilimsugua mpaka..."

"Aisha, najua. Aliniambia mwenyewe, Idi ile. Alinionyesha miguu." Hakugeuka. "Alisema, 'Huyu mwenzio ananisugua kama sufuria ya pilau iliyoungua.' Tukacheka. Nikamwambia, mama, hii ngozi imekwisha, nitamwambia aache. Akanikataza. Akasema, 'La, usimwambie. Ukimwambia ataona haya, na akiona haya atafunga nguo zake aende kwao Utange kama siku ya mchuzi. Nawe unarudi Maskati. Mimi nitabaki na nani? Iache ngozi. Itarudi.'"

Mikono yangu ilisimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi kulaumiwa, hata kufukuzwa, lakini hilo sikuliwaza. Alikuwa anajua. Kila siku, kila dodoki, alikuwa anajua na anaumia na ananyamaza, kwa kuniogopa. Kwa kuogopa hasira za msichana wa miaka ishirini. Na ningeondoka, Mungu ananiona, ningeondoka. Alinijua vizuri.

"Mbona hukuniambia?" Sauti yangu ilitoka kali, ndivyo nilivyo nikiumia. "Siku zile sawa, alikukataza. Lakini alipokwisha kufa? Miaka yote hii, Fatuma, unakuja likizo, unakula, unacheka, mbona hukuniambia?"

Mabega yake yakaanza kutikisika chini ya viganja vyangu, nikajua analia.

"Ningekwambia," akasema, "ungeniuliza mimi nilikuwa wapi. Niliiona ile miguu, Aisha. Niliiona, nikapanda ndege."

Nikamimina mafuta mengine, nikamaliza mgongo, nikamfunika leso mabegani. Kisha nikashuka nikakaa sakafuni mbele yake.

"Nyosha miguu," nikamwambia.

Akainyosha. "Polepole," akasema, nami nikaenda polepole.